Kompyuta ya Mbali

Baba aliandika amri, akakunja mikono kifuani, akasubiri. Ndivyo alivyofanya tangu binti yake hajajua kusoma: hakuna kugusa kitu mpaka kompyuta ya kule kwenye pampu za maji, mwendo wa kutwa nzima kwa gari, iwe imejibu. Safari hii skrini ilisema tu kwamba cheti kimekataliwa.

"Wewe, hebu njoo uone," alimwita binti yake. "Imenisahau."

Binti alikuwa mlangoni mwa chumba cha kazi pale nyumbani, na kikombe cha chai, akasita kuingia, kwa sababu aliyekifuta cheti kile ni yeye.

Kompyuta ya kule haikujali sura wala sauti ya mtu. Ilitazama cheti, faili dogo lenye muhuri wa ofisi linalokaa ndani ya kompyuta ya mfanyakazi. Mwenye nalo akisema pampu zizimwe, zinazimwa. Baba, ambaye ofisi nzima ilimwita Swichi, ndiye aliyeusimika mfumo huo na kumfundisha binti yake kuutunza. Sasa kumbukumbu zilikuwa zikimponyoka. Alizima pampu zifanyiwe matengenezo, akasahau kuziwasha. Alipokumbushwa aliziwasha, kisha akasahau kwamba amewasha, akazizima tena. Wauguzi wa hospitali ya mji uliotegemea pampu hizo walishinda wakibeba maji kwa ndoo hadi wodi ya wazazi.

"Najua ni baba yako," mkuu wa kazi alikuwa amemwambia binti. "Ukitaka, cheti chake nitakifuta mimi."

"Nitakifuta mwenyewe."

Akakifuta, kisha akajifungia chooni akalia mpaka kamasi zikamtoka.

"Hujasahauliwa, baba," alisema sasa. "Cheti kimeisha muda wake. Nitakutengenezea kingine."

"Ndiyo faida ya kuzaa," baba akacheka. "Usikawie lakini, watu watakufa kiu."

Akamtengenezea kweli. Ila cheti kipya kilifungua kompyuta kuukuu aliyoificha chumba cha pili, nyuma ya masanduku ya nguo, isiyoendesha hata feni. Aliijaza majina ya pampu zote na vipimo vya maji, ikawa inaitikia kila amri kama ile ya kweli. Baba akarudi kazini. Akanyoa ndevu, akala akashiba, akaanza tena kuwatania majirani dirishani. Binti akajidanganya kwamba amepata dawa.

Asubuhi moja alimkuta ameweka mikono magotini, haandiki.

"Inajibu upesi mno," baba alisema.

"Kivipi?"

"Kule ni mbali, mwanangu. Ukituma amri unapumua kwanza, ndipo jibu linarudi. Miaka yote nimekuwa nikipumua. Hii," akaonyesha ukuta kwa kidevu, "imo humu humu ndani."

Binti hakujua auweke wapi uso wake.

"Niliwakatia watu maji?"

"Ndiyo, baba."

"Akina nani?"

"Hospitali."

Baba akaifunga kompyuta taratibu. "Basi umefanya sawa, mama," alisema, akimwita kama alivyomwita utotoni. Mikono yake ikapapasa meza ikitafuta kitu cha kushika, isikipate. Binti angetoa chochote asiione mikono ile.

Jioni, sahani zikiwa bado mezani, baba aliinua kichwa ghafla. "Leo umezikagua pampu? Maana mimi sijazigusa kutwa nzima."

Alikuwa amesahau. Binti alikwenda chumba cha pili, akapiga magoti nyuma ya masanduku, akaiongezea kompyuta kuukuu agizo moja: ingoje kidogo kabla ya kujibu.

Kulipokucha baba aliandika amri, akakunja mikono kifuani. Binti alisimama mlangoni na kikombe chake, akapumua pamoja naye. Jibu likaja.

"Umeona?" baba alisema bila kugeuka. "Kule bado wananisikia."