Mashine ya Sebuleni

Mgongo ulipoanza kumsumbua seremala, daktari alimwambia aujenge mwili. Akajiunga na jimu ya mtaa wa pili, akawa ananyanyua vyuma. Mkewe, mshonaji, hakuwa na neno mpaka siku alipompelekea simu aliyoisahau. Alimkuta amelala chali kwenye benchi, chuma juu ya kifua, na mwalimu wa mazoezi, mwanamke mrefu wa mabega mapana, amemsimamia kichwani, mikono tayari kudaka.

"Pumua," mwalimu alikuwa akisema. "Niko hapa."

Wiki nzima maneno hayo yalimkaa mke rohoni. Akikanyaga cherehani, anayasikia. Mume akirudi anapiga mluzi, yanamchoma upya.

"Tununue mashine," alisema Jumapili. "Unakaa kwenye kiti, unavuta, uzito unapanda kwenye reli zake. Huhitaji wa kukusimamia."

"Mke wangu, mbao ninazobeba hazina reli. Vyuma vinanifundisha kujishikilia."

"Au mashine haina mabega?"

Seremala alimtazama, akaelewa, akatoa pesa. Mashine ikaja, ikameza nusu ya sebule. Kila asubuhi aliivuta bila kulalamika. Mke alipaswa kutulia, lakini mume akichelewa karakana alimnusa shati.

Mwezi wa tatu, seremala alinyanyua fremu ya mlango, ikamponyoka upande mmoja, mgongo ukakaza. Alirudishwa nyumbani ameshikwa makwapa. Kesho yake mke alikwenda jimu peke yake, uso chini.

"Mashine si mbaya," mwalimu alimwambia. "Ingemfaa kuanzia. Ila kwa kazi yake anahitaji vyuma, na mtu wa kumsimamia. Kwa nini usiwe wewe?"

"Mimi?"

"Kwanza ujue uzito wenyewe. Shika hiki."

Alishika. Jioni ile mapaja yalimtetemeka, na alijisikia vizuri kuliko alivyotaka kukiri. Seremala alipopona, mkewe alikuwa akinyanyua uzito wa mfuko mzima wa saruji, na ndiye aliyemsimamia kichwani.

Jioni moja huko jimu seremala alikaa pembeni akifuta jasho, akiwatazama mkewe na mwalimu wakichekeana kwenye kioo. Njiani alishindwa kuvumilia.

"Mlikuwa mnacheka nini?"

"Mambo yetu."

"Mambo gani hayo?"

 Mke alitembea mbele yake polepole, na moyoni alitamani aulizwe tena.