Maji ya Kumkanda Zuhra

...na chupa hii ya plastiki nayo iingie, imebakiwa na mafuta kidogo kwenye kitako, itashika vizuri, maji yapate moto upesi Zuhra akandwe, maana mzazi wa siku kumi na tisa hakandwi kwa maji ya uvuguvugu, baridi ikimwingia mgongoni atazeeka nayo... Salima akaisukuma chupa kati ya mafiga, ikajikunja, ikatoa ulimi wa kijani, na moshi mweusi ukapanda ukaenda zake kule unakokwenda kila siku, juu ya ukuta usiofika paani, chumbani kwa binti yake. "Mama, maji bado?" Bado kidogo mwanangu, vumilia, na mle chumbani mtoto wake Safina akakohoa, kikohozi kidogo kikavu, na Salima akatega sikio kama kitakuja cha pili, kikaja. Si kitu, mafua tu, vichanga vyote hukohoa... na Twalha, yule wa kwanza wa Zuhra, alianza hivihivi. Lakini kuni ziko wapi, mikoko imekatazwa, watu wa misitu wanapita na boti yao, na mkaa wa Kibiti hadi uvushwe ufike huku kisiwani ni wa kuuota tu, takataka ndizo hazina mwenyewe, maji ya bahari yakitoka zinabaki zimenasa kwenye mizizi, chupa, mifuko, kandambili za mguu mmoja mmoja, asubuhi moja umejaza kiroba, wala hazitaki kupulizwa, aliwahi hata kujisifu kisimani, Mungu amsamehe, kwamba yeye hapigi tena magoti mbele ya moto. Na dirisha la mzazi alilizibua... hapana, aliliziba, kwa mkono wake, kwa gunia na matambara, siku arobaini upepo usimguse, ndivyo alivyozibiwa yeye na mama yake, ila mama yake alikoka kwa kuni za mikoko, mkandaa, moshi wake mweupe, ulinukia, mtu unalala nao. Huu haulaliki. Huu unakaba. Kajuaje kuwa unakaba? Kwa sababu yeye mwenyewe hutoka uani kuvuta pumzi, kila siku hutoka, husimama pale mlangoni hadi kifua kimfunguke, halafu hurudi kuchochea, na wale wawili huwaacha humohumo ndani.

Ya Rabi. Na yule nesi wa zahanati aliuliza, mwaka juzi, huku anatazama mbavu za Twalha zinavyobonyea, akauliza vizuri tu, "Bibi, nyumbani mnapikia nini?" naye akajibu kuni, kwa haya, utamwambiaje binti wa watu aliyevaa sare nyeupe pee kuwa unapikia uchafu, na nesi akaandika kuni. Siku yake ya thelathini na nne mtoto akamfia Salima mapajani. Zongo, akasema yeye, jicho la Mwajabu, kwa kuwa Mwajabu jirani yao alikuja kumwona mtoto akasema kanona huyu, asiseme mashallah, basi ikatosha, akamtangaza kijiji kizima, siku ya msiba Mwajabu akaja na sufuria yake ya wali kichwani na yeye Salima akamrudisha mlangoni mbele za watu, na tangu hapo Mwajabu akimwona hubadili njia, mwanamke wa watu, mjane, hana hata mtoto wa kumtetea... na jicho lake halikufanya kitu. Alimsifia mtoto kwa kuwa alimpenda.

"Mama?" Safina akakohoa tena, safari hii hakukoma upesi, na Salima alikuwa bado amechuchumaa, kandambili mkononi, maji hayajaanza hata kuimba. Kuwatoa nje si kazi, ni maneno mawili. Kazi ni baada yake, maana Zuhra si mjinga, atauliza kwa nini leo, Mama, arobaini haijafika, kisha atautazama moto, na mwenyewe atakwenda moja kwa moja hadi kwa yule wa kwanza, na pengine hatamwita tena mama, na hiyo itakuwa haki yake. Anaweza kuficha. Hakuna anayejua ila yeye na Mungu. Anaweza kulizibua dirisha kimyakimya, akasema joto limezidi, na Mwajabu akaendelea kubadili njia hadi azikwe.

"Zuhra," akaita, na sauti yake mwenyewe akaisikia ngeni, "mbebe Safina tutoke uani. Nina neno la kukwambia, juu ya Twalha."