Mkopo Aliousaini Wendell

Lorna Teague alikuwa na miaka thelathini na mmoja na shahada ya biolojia aliyoipata kwa mkopo wa dola sitini na nne elfu. Kazi yake ilikuwa katika maabara ya kiwanda cha maziwa nje kidogo ya mji wa Kerrmont, magharibi ya Pennsylvania. Malori yalipoingia asubuhi, alichota maziwa kidogo katika kila tangi akayapima, asije ng'ombe aliyedungwa dawa akachafua shehena nzima. Mwenzake wa meza moja, Dolores, hakuvuka sekondari, na wote wawili walilipwa sawa.

Sivyo alivyotarajia alipokuwa na miaka kumi na minane. Enzi hizo alikuwa akishinda mtoni Allegheny, maji yakimfika magotini, akipindua mawe kutafuta kome. Chuo alichokichagua kilikuwa cha binafsi, ghali, na benki ikadai mdhamini. Baba yake, Wendell, fundi wa matairi na mjane, alisaini zile karatasi palepale kazini, juu ya boneti ya gari la mteja.

"Ukishakuwa daktari utanitibu mgongo bure," alimwambia.

Udaktari ulimshinda mwaka wa pili, kwenye kemia. Angeweza kurudi nyumbani siku ile, deni likiwa bado dogo. Aliona haya, akaendelea hadi mwisho. Alipohitimu akakuta kazi za kome ni vibarua vya miezi mitatu ya kiangazi, na aliyetaka zaidi alipaswa kusoma tena kwa mkopo juu ya mkopo.

Basi Jumapili moja ya Aprili alikwenda kula chakula cha mchana kwa baba yake. Mdogo wake, Maribeth, binti wa miaka kumi na saba, alimpokea mlangoni na barua mkononi.

"Nimekubaliwa, dada! Chuo chako kilekile, biolojia! Pale kuna profesa anachunguza ule ugonjwa wa ukungu unaowaua popo."

Maribeth na popo! Tangu darasa la sita alikuwa akiwahesabu katika handaki la zamani la reli, na kila popo akimwandika daftarini.

Wakaketi. Wendell alikata nyama ya kuoka, akawapakulia na viazi vya kuponda. "Nami nitasaini," alisema. "Waseme lini tu."

Lorna aliweka uma chini. Wiki nzima alikuwa ameperuzi tovuti ya serikali inayoonyesha wahitimu wa kila chuo wanapata kiasi gani na wanadaiwa kiasi gani.

"Maribeth, nisikilize. Waliosoma biolojia pale wanaanza na dola thelathini na mbili elfu kwa mwaka. Wewe utatoka na deni la sabini. Hapa wilayani, chuo cha miaka miwili, wanaosomea eksirei wanaanza na hamsini na tano, na deni lao halifiki kumi."

"Sitaki kupiga picha mifupa ya watu!"

"Hata mimi sikutaka kuchungulia maziwa ya watu."

"Kwa hiyo wewe ukikwama, na sisi tukwame?"

"We, Maribeth," baba yao alionya. "Huyo dada yako."

"Dada yangu anazungumzia deni kana kwamba analilipa yeye!"

Wendell aliinamia sahani yake. Lorna aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Ana maana gani, Baba?"

Maribeth ndiye aliyesema, sasa kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekwisha kujutia alichokianza. "Dola mia tatu na themanini kila mwezi. Mwaka wa nne huu. Barua za benki zinakuja hapa."

Lorna alikumbuka. Miaka minne nyuma alipunguzwa kazini akakaa miezi tisa bila mshahara. Baba yake alimwambia amezungumza na benki, imekubali kusubiri, watamwandikia wakimtaka. Naye alishika hilo. Alipopata kazi ya maziwa hakupiga simu benki hata mara moja. Benki gani hiyo inayosahau fedha zake? Alijua, kwa namna mtu anavyojua jambo asilotaka kulijua. Na Wendell, miaka sitini na saba, bado alikuwa akiinua matairi ya malori, akisema akikaa nyumbani ataota kutu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanyaje, mwanangu? Ungelala na njaa. Sahihi ni yangu."

"Shahada ni yangu!"

"Basi imetosha. Viazi vinapoa." Kisha akamgeukia mdogo. "Na wewe usiogope. Sikumkatalia mkubwa, sitakukatalia wewe."

Lakini Maribeth alikuwa akitazama jinsi baba yake alivyoegemea meza kwa mikono miwili ili aweze kuinuka kufuata chumvi. Wiki hiyohiyo alijiandikisha kusomea eksirei.

Lorna alilichukua deni lake. Kila Jumamosi alipanga dawa kwenye rafu za duka la dawa, akauza gari, akanunua bovu zaidi. Baada ya mwaka na nusu Wendell aliacha kazi, mgongo umekwisha kupinda na hakuna daktari wa kuunyoosha, wa bure wala wa kulipia.

Maribeth alihitimu, akaajiriwa hospitali ya wilaya. Mwaka wa kwanza tu alimpita dada yake mshahara. Hesabu za Lorna zilikuwa kweli tupu, dola kwa dola, na mtu yeyote angemwambia alitoa ushauri mwema. Yeye mwenyewe alijiambia hivyo mara nyingi, akiwa njiani kwenda kazini.

Sikukuu ya Shukrani wakaketi tena watatu, bata mzinga mezani. Maribeth alikuwa na sare ya hospitali chini ya sweta, maana zamu yake ilianza saa kumi.

"Enhe, kazi inakwendaje, mwanangu?" Wendell akauliza.

"Nzuri tu, Baba," alisema Maribeth, akivuta bakuli la mchuzi.

Lorna aliacha kutafuna. Kwa miaka sita baba yake alikuwa akimuuliza swali hilohilo kuhusu maziwa, na kwa miaka sita alikuwa amemjibu maneno hayohayo, kwa sauti hiyohiyo.