Jina la Masika kwenye Kibali

Saa saba mchana, Jumamosi moja ya mwezi wa tatu mwaka 2017, Masika alifungua bahasha aliyoachiwa na bosi wake ili abandike kibali cha pombe kwenye mlango wa baa. Ukumbini, kuhani wa Kihindu alikuwa bado anasoma sala zake mbele ya moto mdogo, na bwana na bibi harusi wameketi chini ya kibanda cha maua. Sehemu hiyo ya harusi haikuwa na pombe hata tone. Lakini saa kumi alasiri, ibada ikishakwisha, baa ilitakiwa ifunguliwe, na wageni mia tatu wajinunulie bia na wiski.

Masika alikuwa Mkongo wa Butembo, mama wa binti mmoja, Carmel, na alikuwa amepanga chumba mtaa wa La Rochelle, katika jiji lililo jirani na Pretoria. Huu ulikuwa mwaka wake wa nne kusimamia ukumbi huu wa Malvern, mtaa wa nyuma ya Jules Street. Mwenye ukumbi, Bwana Moonsamy, Mhindi mzaliwa wa Durban, hakuwa na leseni ya kuuza vileo, hivyo kila harusi iliombewa kibali cha siku moja, tena wiki kadhaa kabla. Siku zote Masika ndiye aliyejaza fomu na kupanga foleni. Safari hii Moonsamy alimwambia aache, atakwenda mwenyewe.

Aliisoma ile karatasi mara moja, akarudia. Tarehe ilikuwa sawa. Namba ya kibali ndiyo iliyomshtua, kwa sababu aliifahamu: aliichukua kwa mkono wake kwa ajili ya harusi ya mwezi wa pili. Akaisogeza karatasi dirishani. Chini ya tarehe palionekana kivuli cha tarakimu nyingine zilizofutwa kwa rangi nyeupe kabla ya kupigwa fotokopi. Na kwenye mstari wa msimamizi wa mauzo, ambapo mwezi wa pili palikuwa na jina la Moonsamy, sasa paliandikwa Masika Clémentine.

Akakaa juu ya kreti la soda. Alikuwa akiishi kwa karatasi ya ukimbizi, na mwezi uliofuata alitakiwa kwenda Pretoria kuiongezea muda. Mtu mwenye kesi ya kughushi ataongezewa nini?

Moonsamy alipofika alimvuta stoo na kufunga mlango. Hakukana. Alisema alichelewa kuomba, na baba wa bibi harusi, Bwana Ramdeen, alishaahidiwa baa. Sasa ampe jibu gani? Akasema katika miaka yote hiyo hajawahi kuja mkaguzi hata mmoja. Masika alipouliza kwa nini jina ni lake, alijibu kwa sauti ya upole kwamba yeye ndiye anayesimama pale, basi ni halali liwe lake. Kisha akamwambia abandike karatasi, akatoka kwenda kuwapokea wageni.

Masika alikwenda getini kwa Bakiri, mlinzi, Mtanzania wa Tanga ambaye pombe haikumhusu kwa dini wala kwa kazi. Wawili hao walizoea kula pamoja mchana na kucheka Kiswahili cha kila mmoja. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Alimfunulia karatasi.

"Hii karatasi ni ya uongo, kaka. Na jina iko hapa ni yangu."

Bakiri aliisoma polepole. "Mama Carmel, huyu bwana anachuma janga, na wa kula ni wewe. Chukua mkoba wako uende nyumbani. Mimi nitasema sikukuona ukitoka."

Masika aliutazama mtaa. Hatua mia mbili tu mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, apande teksi, yaishe. Lakini kama angeondoka yeye, jina lingebaki. Lingebandikwa mlangoni siku nzima huku chupa zikifunguliwa, na mwenyewe hayupo wa kulisemea.

"Siendi," alisema.

Alirudi ndani, akateremsha shata ya bati ya baa, akafunga kufuli mbili, funguo akazitia kifuani pamoja na ile karatasi. Halafu akamtafuta Ramdeen. Alimkuta kando ya meza ya vyakula, mzee mrefu mwenye kilemba cha rangi ya machungwa, ana furaha usoni. Masika alimweleza yote bila kupindisha. Furaha ile iliondoka taratibu. Ramdeen alimuuliza kama anajua ni watu wangapi wamesafiri kutoka Durban, na ndugu zake watamwonaje wakipewa sharubati kama watoto. Masika alijibu kwamba anajua. Alisema pia kwamba kama mzee anaona afungue, basi amwambie hapa hapa kwamba yuko tayari mwenye jina afungwe.  Ramdeen aligeuka akaenda zake.

Saa kumi ilipofika, wanaume walianza kujikusanya mbele ya shata. Mwanzoni walitania. Baadaye mmoja akaanza kupiga bati kwa kiganja, na wengine wakamfuata. Moonsamy alikuja ametota jasho, akanyoosha mkono apewe funguo. Masika akatikisa kichwa. Moonsamy alimnong'oneza kwamba Jumatatu asije kazini, na kama hatoi funguo ataita fundi akate kufuli. Akatoa simu. Masika aliegemea shata, akausikia mgongoni mtetemo wa kila kofi.

Fundi hakuwahi. Bakiri ndiye aliyetokea mlangoni, na nyuma yake askari wawili na mwanamke wa makamo mwenye faili. Majirani walilalamikia ngoma na magari, na kwa kuwa harusi ilikuwa kubwa, yule mwanamke, mkaguzi wa vileo, alifuatana na askari. Makofi yalikoma. Moonsamy alimtazama mkaguzi, akamtazama Masika, kisha akasema bila kupepesa macho kwamba kibali kipo, wamuulize huyu mama, yeye ndiye msimamizi.

Mkaguzi alimgeukia. Masika alihisi karatasi ikimkwaruza ngozi. Alijua akiitoa tu, imekuwa yake.

"Kibali cha leo hakuna," alisema kwa Kiingereza chake cha kubabaisha. "Ndiyo maana baa imefungwa."

Moonsamy alifungua kinywa. Kabla hajatoa sauti, Ramdeen alijipenyeza kati ya ndugu zake.

"Ni kweli. Huyu mama aliniambia tangu saa nane."

Mkaguzi alizivuta zile kufuli, akanusa glasi za meza tatu, akaandika kwenye faili lake. Alimwonya Moonsamy kwamba tangu leo ukumbi huu uko kwenye orodha yake, akaagiza muziki upunguzwe, wakaondoka. Masika aliendelea kusimama mbele ya shata mpaka gari lao lilipotoka getini.

Chakula kiliandaliwa. Waliotaka kunywa pombe waliyoibeba kwenye mabuti ya magari Bakiri aliwarudisha ndani, na jioni Ramdeen aliwaambia nduguze wamfuate nyumbani kwake Lenasia, nje ya jiji, huko wakanywe watakavyo. Moonsamy alimwomba Masika ile karatasi, tena kwa kubembeleza. Masika alimwambia haitoi, na kwamba Jumatatu kweli haji.

Alikaa siku nne bila kazi, anashtuka kila gari lilipopunguza mwendo mbele ya nyumba. Siku ya tano Ramdeen alimpigia simu. Mwezi wa sita alikuwa na harusi ya mpwa wake, katika ukumbi mwingine, akataka mtu wa kushughulikia kibali mapema.

"Nitashughulikia," Masika alisema. "Lakini jina litakaloandikwa liwe lako, mzee."

 Halafu Ramdeen akauliza fomu inataka nakala ya kitambulisho tu, au na hati ya makazi pia.