Halua ya Kileleni

Mahfoudh muuza mapazia alikuwa bingwa wa kuanza. Chuo cha Tunguu alikianza, akakiacha. Nyumba aliianza huko huko Tunguu, ikaishia kwenye kuta, na sasa mbuzi wa watu wanalala sebuleni. Ndevu nazo alizianza, lakini hizo tumsamehe, zilikataa zenyewe. Kitu kimoja tu hakikumtoka moyoni: Rahila, binti wa Bi Ummkulthum, mpika halua wa Mkunazini. Alimpenda hasa, naye Rahila alimpenda, na mtaa mzima ulijua.

Tabu ilikuwa mama mtu. Kwa pupa zake Mahfoudh akaenda kuposa mwenyewe bila ya kutanguliza wazee, tena saa ya chakula. Akamkuta bibi yuko mkekani anakula wali.

"Shikamoo, Bi Ummkulthum."

"Marahaba. Karibu."

"Starehe," akajibu, mkono kifuani, kama alivyofunzwa na marehemu mama yake. Maana kwetu ukimkuta mtu anakula, yeye lazima akukaribishe, na wewe lazima umwambie starehe, aendelee na chakula chake. Wa kukaa akala kweli ni mtu wake wa ndani, au hana adabu, na huyo wa pili habari zake zitafika Mwanakwerekwe kabla hajanawa mkono.

Akasema shida yake. Bi Ummkulthum akatafuna, akameza, akamtazama.

"Mwanangu simpi mtu asiyemaliza jambo. Si wewe unayejigamba barazani kuwa mjomba wako wa Moshi atakupandisha Kilimanjaro? Haya, kapande." Akainuka, akaleta kikapu cha ukili kimejaa halua. "Hii utaila juu kileleni. Siyo chini, siyo katikati. Upigwe picha unakula. Ukija nayo, lete wazee wako. Ukishindwa, usinipitie tena mlangoni."

Masikini ya Mungu, hakuwa na nia hata kidogo ya kupanda. Yalikuwa maneno ya kahawa tu. Lakini sasa Rahila yumo ndani ya maneno hayo, atafanyaje? Akafanya mazoezi kwenye ngazi za nyumba ya ami yake Malindi, maana Unguja hii mlima tutautoa wapi, kisha akaenda.

Kiongozi aliyetafutiwa na mjomba alikuwa Mchaga mmoja mpole, jina lake Kimaro. Siku ya kwanza Mahfoudh alivaa kanzu mbili ndani ya koti la kuazima na bado meno yakagongana. Walipofika kambini akahisi samli inamtiririka mgongoni. Kikapu kimebonyea ndani ya begi! Akakifungua akitazame. Harufu ya iliki na zafarani ikatoka, na wapagazi waliokuwa wanakoroga uji wakageuza shingo wote.

"Karibuni," akasema Mahfoudh, akangoja starehe yake.

"Asante sana, kaka!" Wakakaa.

Lo! Kumbe hawa starehe hawaijui. Walikula kwa furaha, wakamwombea dua, wakamsifu mpishi. Alipokifunga kikapu kilikuwa chepesi.

Kesho yake kichwa kikimgonga kwa sababu ya ule urefu, akajificha nyuma ya jiwe kuifunga iliyobaki ndani ya soksi safi. Wakatokea vijana wa Kijerumani wanatafuta pa kujisaidia. "Karibuni," akasema. Wakakaribia, na haja yao wakaisahau.

"Kaka," Kimaro akamuuliza, "kwani lazima useme?"

"Nisemeje sasa, na wamenikuta nna chakula mkononi?"

"Nyamaza tu."

"Ninyamaze! Mie nina kwetu, yakhe!"

Siku ya kileleni kilibaki kipande kimoja, amekifunga kifuani kama hirizi. Njia ni kokoto tupu, ukipanda hatua unateleza mbili, na pumzi hamna. Mahfoudh akakaa chini akalia kwa sauti, bila ya haya. "Narudi, Kimaro."

"Haya, turudi."

Ile "haya" ya upole ya Kimaro ndiyo iliyomchoma. Akawaona wale mbuzi wamelala sebuleni kwake, na Rahila anaozwa mtu mwenye paa. "Nani karudi?" akasema, akainuka.

Jua lilikuwa limeshatoka alipofika penye kile kibao cha kileleni. Akaitoa halua. Jiwe! Akaiuma, jino likalia. Akaitia kwapani, akakaa chini ya kibao anaiatamia, na Kimaro amesimama na simu, vidole vinamganda, anamwomba afanye haraka. Mwisho ikalainika. Mahfoudh akapiga bismillahi, akafungua mdomo.

Hapo akatokea mzee mmoja mgeni, ndevu zimeshika barafu, anakuja karibu kwa magoti. Akajibwaga ubavuni mwake, akaitazama halua.

Mahfoudh akaubana mdomo. Akatazama upande wa pili. Rahila, Rahila, Rahila.

"Karibu," ulimi ukasema.

Yule mzee hakujua Kiswahili isipokuwa neno hilo, ambalo wageni hufunzwa tangu uwanja wa ndege. Akachukua. Kimaro akapiga picha.

Alipofika Mkunazini alimkuta Bi Ummkulthum mkekani, safari hii ni wali na samaki. Alipokwishaitikiwa shikamoo tu, akampa simu.

"Huyu nani?"

"Mzee wa watu. Halua yako ndiyo hiyo imo kinywani mwake."

"Na wewe ulikula ipi?"

"Sikuonja hata chembe. Kila nikifungua, mtu anatokea. Nimeshindwa, Bi Ummkulthum. Nimekuja nikwambie mwenyewe."

Nyuma ya pazia, ambalo aliliuza yeye, Rahila akapenga kamasi.

"Lakini juu ulifika?"

"Nilifika."

"Na halua haikuganda?"

"Iliganda. Nikaitia kwapani kwanza."

Bi Ummkulthum akamtazama yule mzee pichani anavyojilamba vidole. Mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Alipokwishafuta machozi akasogea mkekani, akampa nafasi.

"Karibu," akasema.

Starehe ikamjia Mahfoudh mpaka kwenye ncha ya ulimi. Lakini alikuwa na njaa tangu Moshi, na kule mlimani kawaona watu chungu nzima wamekaribishwa wakakaa, na hakuna aliyekufa. Akavua viatu. Akanawa. Akakaa, akamega tonge.

"Hee!" Bi Ummkulthum akasema. "Siku zote nakukaribisha, unanambia starehe kama mpita njia. N'takupaje mwanangu, na wali wangu huutaki?" Akamsogezea kichwa cha samaki. "Rahila! Mletee mwenzio pilipili."

"Naam, mama!"

"Na wewe, usiniachie kitu humo. Umalize."

Mahfoudh akamaliza.