Mikunjo ya Jicho la Kushoto

Masuyo alikuwa amelazwa kwenye chumba cha mikeka, kichwa kaskazini kama walazwavyo maiti, kitambaa cheupe usoni, wakati kijana wa mazishi alipopiga magoti kizingitini na kuulizia picha. Jina lake Ushiyama. Suti nyeusi, sauti ya chini, na magoti yaliyokwisha kuzoea sakafu za wafiwa.

"Poleni sana. Ile picha ya kuwekwa mbele ya watu, mmeshaichagua?"

Chizuru akainuka hata kabla hajamaliza. Tangu mama yake akate roho alikuwa hajui ashike lipi aache lipi, lakini hilo la picha alilijua. Kamera ilikuwa kabatini jikoni, juu ya bakuli za wali.

"Keti," kaka yake Kunihiko akamwambia. Alikuwa ameingia sasa hivi tu na treni ya Tokyo, koti hajalivua. "Picha ninayo mimi."

Chizuru hakuketi. Akaenda kabatini.

Kamera ile waliinunua vuli iliyopita kwa mzee Oguchi, yeye na mama yake. Masuyo alikuwa ameshapewa jibu lake na daktari, naye katika kutoka hospitali akasema anataka kamera, basi wakapitia dukani. Maisha yake yote alikuwa mkaguzi wa lenzi katika kiwanda kimoja pale Okaya. Jicho la kulia kwenye kioo cha kukuzia, la kushoto limefumbwa, tangu usichana hadi mvi. Ndipo pembe ya lile la kushoto ilipopata mikunjo mitatu mirefu iliyoshuka mpaka shavuni, na hata mkiongea habari za mvua jicho hilo lilijibana, kama anakutafuta mkwaruzo.

Oguchi alikuwa ameweka kamera mbili juu ya kaunta. Ndogo zote, za kutia mfukoni, bei jirani.

"Hii inavuta," alisema. "Unasimama hapa, unampiga mtu ng'ambo ya ziwa na supu yake. Ile nyingine haivuti sana, ila kihisi chake kikubwa."

"Kihisi ndiyo nini?" Chizuru akauliza.

"Kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga. Cha hii ni kama punje ya mahindi. Cha ile ni kama ukucha wa kidole gumba."

"Na anayenunua punje ni nani?" Masuyo akauliza.

"Wengi, mama. Watu wanapenda kuvuta."

Walizijaribu kwanza mlangoni, kwenye jua, zikawa pacha. Kuzitenganisha ni kazi. Masuyo hakuridhika. Akaomba taa za kaunta zizimwe, akaulaza mkono wake pale kwenye kiza, Chizuru akaupiga kwa hii na kwa ile. Kisha akatoa mfukoni kioo chake cha zamani cha kukuzia, akaviinamia vioo vya nyuma ya kamera, vinavyoonyesha picha, kimoja baada ya kingine.

"Mama Masuyo, umekuja kununua au kukagua?" Oguchi akamtania. "Kiwanda si kilishakuaga na keki?"

"Nyamaza, wewe. Nikikuachia utaniuzia hata kifuniko."

Kwenye kamera ya punje mkono ulitoka laini kama kiazi kilichomenywa. Mwanga ulipoipungukia, kamera ilikuwa imebuni ngozi yake yenyewe. Kwenye ile nyingine mishipa ilionekana, na madoa ya uzee, na kovu dogo la kioo kwenye kidole cha shahada.

"Haipiti," Masuyo akasema, akaisukuma ile inayovuta. Ndilo neno lake la kiwandani. Mkuu wa zamu akiwa na haraka yeye alilisema, na akiwa hana haraka alilisema vilevile.

Hata theluji ilipoanza akamwita Chizuru jikoni. Alikuwa ameketi karibu na dirisha, ndani ya aproni yake nyeupe ya mikono mirefu, chai mbele yake.

"Nipige. Hii ndiyo ya mazishi."

"Mama, jamani."

"Kunihiko atataka niwe kama mke wa waziri. Usimwachie anilainishe. Mikunjo hii nimeifanyia kazi. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Sema umeahidi."

"Nimeahidi."

"Basi piga, chai inapoa." Na jicho la kushoto likajibana.

Sasa picha hiyo ilikuwa mezani, kwenye kioo cha kamera ya Chizuru, karibu na kamera ya Kunihiko. Chizuru alipoiona kamera ya kaka yake alitaka kucheka. Ilikuwa pacha wa ile iliyosukumwa dukani. Kunihiko alikuwa nayo tangu Mwaka Mpya, siku alizokuja na mkewe wakala mochi, zile keki za wali za sikukuu, na kuondoka, na alimpiga mama akiwa mwisho wa meza, jioni, taa hafifu, akimvuta kwa lenzi bila kuinuka alipoketi.

Reika, mke wa Kunihiko, akainama. Alikuwa mwanamke wa kupendeza, na machozi yake yalikuwa ya kweli.

"Tazama hii ya mume wangu. Mama alivyong'aa. Kama ana miaka hamsini."

"Alikuwa na sabini na mbili, wifi," Chizuru akasema. "Hebu ikuze. Ikuze uone."

Kunihiko akaikuza. Nyusi zilikuwa mpako mmoja wa rangi. Meno yameungana. Pembeni mwa jicho la kushoto palikuwa shwari kama siagi.

"Mikunjo iko wapi?" Chizuru akauliza.

"Si bora haipo?" akajibu Reika. "Wifi, mtu amekufa, bado unamtakia mikunjo?"

"Kamera ndiyo imeifuta. Mwanga ulikuwa haba, kihisi chake kidogo, kikajaza kwa kubahatisha. Huyo si mama, ni makisio."

"Umekuwa fundi sasa," Kunihiko akasema.

Akaichukua ya Chizuru, akaitazama. Akaikuza, na kadiri alivyoikuza Masuyo alizidi kuwepo: unyoya wa shavu, uzi uliolegea kwenye kola, mvuke wa chai, mikunjo mitatu na ule mdogo wa nne. Jicho likambana Kunihiko moja kwa moja. Akairudisha mezani upesi.

"Ana aproni."

"Alikuwa nyumbani kwake."

"Wakubwa wangu wanatoka Tokyo kesho. Wanakuja kumwona mama yangu, hawaji kuonana na mpishi wa tambi."

"Alikuwa jikoni, kaka. Ungekuja ungemkuta."

Ushiyama akatazama magoti yake.

"Unaona?" Kunihiko akasema polepole. "Unataka itundikwe hiyo ili kila anayeingia ajue nani alikuwepo na nani hakuwepo. Si mama unayemtaka pale juu. Ni mimi."

Chizuru akaivuta kamera yake karibu. Kidogo ilikuwa kweli, naye alijua.

"Mama alinituma," akasema. "Aliniahidisha."

"Kwa maandishi?" Reika akauliza, bila ubaya.

Ushiyama akakohoa. "Ya bwana ikikuzwa... italainika kidogo. Lakini mfiwa mkuu ndiye mwenye kauli." Mfiwa mkuu ni mtoto wa kiume wa kwanza, na hapo Kunihiko hakuwa na mpinzani. "Mavazi yasiwape shida. Tunayo picha ya kimono nyeusi, tunaibandika."

Picha ikaletwa siku ya pili ndani ya fremu yenye utepe. Uso ule wa siagi umepandikizwa juu ya mabega ya kimono, nyuma rangi ya samawati kama anga ya tangazo. Chizuru akaijua kimono ile. Ndiyo aliyovaa bibi Hamada mwaka jana, na mke wa mwenye duka la tofu kabla yake. Mwili mmoja, wamekuwa wakiazimana mtaa mzima.

Mkeshani akaja Hanaoka, aliyekaa benchi moja na Masuyo kiwandani tangu wote ni wasichana. Akachoma ubani, akainua macho, jicho lake la kushoto, la mkaguzi, likajibana lenyewe. Kisha akamrudia Chizuru mlangoni.

"Mwanangu, nilidhani nimeingia matanga ya watu wengine. Nikasoma jina tena. Yule ni nani?"

"Ni mama, shangazi."

"Haya," Hanaoka akasema, akivaa viatu. "Mama yako angemrudisha yule kiwandani, mwanzo wa mstari, atengenezwe upya."

Ya picha Chizuru angeyameza. Lakini asubuhi ya kuaga, mwanamke wa vipodozi alipofungua kisanduku chake akauliza uso wa marehemu aufanye kwa kufuata nini, na Reika akamwonyesha fremu.

Jeneza likawekwa wazi, watu wakapewa maua ya kumzungushia. Chizuru akakaribia na krisanthemu yake. Nta laini ilikuwa imejazwa kwenye pembe ya jicho la kushoto, ikapigwa poda juu. Hapakuwa na mkunjo hata mmoja. Walipomaliza kuikosea picha, wakamrekebisha mtu afanane nayo.

Akaweka ua. Mkono haukurudi. Kidole gumba kikashuka kwenye pembe ya lile jicho, kikasugua. Ngozi ilikuwa baridi na nta ngumu. Ikasogea kidogo, ikatoka kipande, na chini yake ukajitokeza mkunjo mmoja, nusu.

"Wifi, unamharibu mama," Reika akanong'ona.

Kunihiko akamshika kifundo cha mkono. Hakukishika kwa nguvu. "Wakubwa wanatazama," akasema. "Mwache apumzike."

Angeweza kuuvuta. Alikuwa na nguvu za kumbeba mama yake kutoka bafuni kila jioni, asingeshindwa na mkono wa mtu wa ofisini. Lakini watu walikuwa wamejaa, viatu vimepangwa, Ushiyama ameshika kifuniko, na mtawa wa hekaluni alikuwa ameshavuta pumzi ya kuanza sala. Chizuru akauachia mkono ulegee. Kifuniko kikafungwa. Akaenda hadi kwenye tanuru la kuchomea maiti, na nta chini ya ukucha.

Kwenye kumbukumbu ya siku ya arobaini na tisa Kunihiko alikuja akapiga msumari mwenyewe, fremu ikakaa juu ya madhabahu ya nyumba. Picha ya aproni, ambayo Oguchi aliichapisha kubwa, aliikuta ukutani jikoni, akaiteremsha kwa uangalifu na kumpa dada yake mkononi.

"Maiti mmoja hawi na nyuso mbili, Chizuru. Wageni watauliza."

Wakati wa kuondoka akaacha kamera yake mezani. "Chukua. Mimi siku hizi natumia simu. Hii inavuta kuliko yako."

Tangu hapo picha ya jikoni iko ndani ya kabati la bakuli. Kila asubuhi Chizuru hufungua kabati, na jicho la kushoto humbana kabla hajagusa bakuli. Hupakua wali wa moto wa mwanzo, akaupeleka chumba cha mikeka, akampigia magoti yule mwanamke wa kimono ya kuazima. Desturi ni desturi, wali wa marehemu hupelekwa madhabahuni, hauwezi kupelekwa kabatini.

Asubuhi moja alimtazama na jicho limefumbwa nusu, kama mkaguzi.

"Haipiti," akasema.

Kisha akasogeza bakuli karibu na fremu, akagonga kengele ndogo, akaunganisha viganja.