Asilimia Sitini na Moja

Siku mume wangu Chin-lai alipoanguka tulikuwa tumemaliza nusu ya unga. Tunauza shuijiao, vile vibumba vya unga vyembamba vyenye nyama na kabichi ndani, katika kichochoro nyuma ya soko la Douliu. Baada ya wateja wa mchana kuondoka tulikuwa tukishusha mlango nusu, tunakaa meza ya mbele na kufunga vibumba vya jioni. Aliinuka kwenda kuzima jiko la nyuma. Nikasikia sufuria inaanguka, nikamwambia aangalie miguu yake. Hakujibu. Daktari alisema moyo ulisimama kabla hajafika sakafuni na kwamba hakupata maumivu. Nadhani wajane wote huambiwa hivyo, lakini nilimshukuru.

Alikuwa ananisimulia.

Mimi si msomaji. Nilimaliza sekondari, nikaolewa, na macho yangu yakaanza kuingia ukungu mapema. Msomaji alikuwa yeye. Binti yetu Pei-chi, aliyeolewa Taoyuan, alimnunulia kibao cha kusomea vitabu, cha kijivu, chepesi kama sahani ya plastiki, na tangu hapo baba yake akaachana na magazeti. Alinunua vitabu mtandaoni kama watu wanavyonunua soksi. Asubuhi akitoka sokoni alisoma, mchana alinisimulia mikono yetu ikiwa kwenye unga. Hakupenda kukileta kibao mezani, alisema unga utaingia kwenye tundu la chaja. Kwa hiyo nilichokisikia kilikuwa kitabu kwa maneno yake.

Mwaka ule wote hadithi ilikuwa moja. Mwanamke anaitwa A-Kim, fundi wa miavuli, anafunga kibanda chake mjini na kwenda milimani kwenye machimbo ya dhahabu kumtafuta kaka yake aliyeacha kuandika barua. Njiani anaugua tumbo, analala kwenye nyumba ya wageni, mwenye nyumba anamnywesha supu ya samaki na tangawizi mpaka anapona. Kisha mlima unaporomoka, barabara inafungwa, naye anahifadhiwa na mzee mfuga nyuki. Akakaa huko msimu mzima wa mvua anajifunza kutuliza nyuki kwa moshi na kukata masega. Mimi uvumilivu uliniishia. Nilimwambia Chin-lai kwamba huyo A-Kim wake ni mvivu, kaka yake anateseka huko juu naye analamba asali.

"Barabara imefungwa, mama Pei-chi," akasema. "Ulitaka aruke?"

"Aliyeifunga ni mwandishi wako. Mwambie aifungue."

"Nitamfikishia."

Mchana ule aliifungua. Mvua ilikatika, watu wa barabara wakaondoa mawe, A-Kim akafunga mzigo wake, na mfuga nyuki akasema atamsindikiza mpaka kwenye daraja la kamba. Walipofika darajani palikuwa na mtu upande wa pili, amesimama. Chin-lai akasema subiri, jiko linawaka bure, akainuka.

Sijui nimwelezeje mtu jambo hili bila kuonekana nimechanganyikiwa, lakini katika zile siku za mwanzo, watu wakiingia na kutoka, ubani ukiwaka, mimi nilikuwa namfikiria yule mtu wa upande wa pili wa daraja. Nilitaka kujua ni nani. Mengine yote yalikuwa yamekwisha, hili halikuwa limekwisha.

Wifi yangu A-Yun, dada mkubwa wa Chin-lai, alitaka kibao kilazwe naye kwenye jeneza pamoja na miwani. Alisema mtu aliyekufa katikati ya kitabu hatatulia, atarudi kukitafuta. Mhudumu wa mahali pa kuchomea maiti akakataa kwa upole. Betri zinalipuka kwenye tanuru, alisema, miwani ni sawa. Hivyo miwani ikaenda, kibao kikabaki kwangu.

Mazishi yalipopita nilikiwasha. Majalada ya vitabu yakajipanga kama picha ndogo, na chini ya kila moja asilimia ya alipofika. Kile cha A-Kim nilikitambua kwa mwavuli. Chini yake palikuwa pameandikwa sitini na moja. Nikakigusa. Badala ya kufunguka, kibao kikaomba kuthibitishiwa kwamba aliyekishika ni mwenye akaunti, kikasema namba ya siri imetumwa kwenye simu yake.

Namba yake ya simu haikuwapo tena. A-Yun, ambaye anazijua ofisi zote na foleni zake zote, alikuwa amekwenda kuandikisha kifo, na kwa kuwa alikuwa mjini tayari, akapita na kuifuta namba ya mdogo wake ili tusiendelee kukatwa. Alifanya wema. Namba ile sasa inaita kwa kijana mmoja wa Kaohsiung, aliyeniomba radhi kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

Pei-chi akawapigia wenye duka la vitabu. Wakampa pole, wakamwambia kwamba anachonunua mteja ni ruhusa ya kusoma, na ruhusa hairithiwi. Kitabu kinaweza kununuliwa upya. Akakinunua upya kwenye duka lingine, lile analotumia yeye, akakituma kwenye kibao cha baba yake kwa waya. Kibao kikasema faili hilo hakilijui. Kumbe kila duka linafunga vitabu vyake kwa kufuli lake. Unakiona kitabu kimo ndani, jina lake linasomeka, hakifunguki.

Siku za saba saba, zile wiki saba za kumwombea marehemu, zilipofika mwisho, A-Yun aliagiza kwa Mzee Kho vitu vya karatasi vya kumchomea ili vimfikie huko aliko. Mzee Kho ni mtu wa mikono mizuri. Alitengeneza nyumba, pikipiki, jiko la vichomeo viwili, na kibao cha kusomea cha kijivu chenye chaja yake. Tulikwenda pamoja kuvichukua. A-Yun akakigeuza kile kibao huku na huku, akauliza kama vitabu vimo.

"Vimo."

"Vya aina gani? Maana mpwa wangu anasema siku hizi cha duka hili hakisomeki kwenye kibao cha duka lile. Tusije tukampelekea mtu mzigo usiofunguka."

Mzee Kho hakucheka. Alikuwa anaifunga pikipiki kwa kamba. "Dada yangu, kule kila faili linafunguka. Kufuli ni mambo yetu huku."

A-Yun akaridhika. Mimi nilikaa nyuma ya gari la mizigo nimekishika kibao cha karatasi mapajani kisipeperuke. Kilipowaka kiliwaka haraka kuliko vyote.

Mwaka mpya Pei-chi alikuja peke yake, mumewe alikwenda kwa wazazi wake. Siku ya pili tukakaa na simu yake na tableti yake ya zamani, akanifungulia akaunti yangu mwenyewe kwenye lile duka la vitabu la baba yake. Kitabu cha A-Kim kilikuwepo. Alinunua bila kusoma maelezo, na kilipofunguka tukaona kurasa kama picha zilizopigwa, mistari imesimama kutoka juu kwenda chini, herufi kama ufuta. Nikivuta ziwe kubwa, nusu ya ukurasa inatoka nje ya kioo. Pei-chi akabonyeza sauti isome. Sauti haikusoma. Picha haina maneno ndani yake, akanieleza, mashine inaona weusi na weupe tu. Akatukana kidogo, akaomba kurudishiwa hela, akatafuta vizuri zaidi. Chini kabisa palikuwa na aina ya pili ya kitabu kile kile, ile ambayo herufi zake hukua unavyotaka na sauti huweza kuisoma. Safari hii alisoma kila neno kabla ya kubonyeza.

Akanipelekea mpaka asilimia sitini na moja, akaniwekea tableti juu ya friji ya vinywaji, mbali na unga. Halafu akaenda kulala, amechoka. Nikakaa peke yangu na bakuli la nyama nikaanza kufunga.

Sauti ilikuwa ya mwanamke, inasoma kama anayetangaza treni. Ilisoma kwamba A-Kim alikufa alfajiri. Mwenye nyumba ya wageni alimfumba macho, akauza vifaa vyake vya kushonea miavuli kulipia jeneza. Kisha ikaendelea na kaka yake kwenye machimbo, na mtu mwingine anaitwa bwana Ong, na kesi ya ardhi. Niliendelea kufunga. Nilingoja daraja. Nilingoja nyuki. Sinia lilipojaa nikainuka nikaenda kumwamsha Pei-chi.

"Umeninunulia kitabu kingine," nikamwambia.

"Mama, ni hicho hicho. Jina hilo, mwandishi huyo, jalada hilo."

"Basi faili limeharibika. Wamempoteza mfuga nyuki."

"Mfuga nyuki yupi?"

Nikamsimulia. Alikaa kitandani nywele zimemsimama, akachukua tableti, akaandika neno nyuki pale pa kutafutia. Mashine ilipitia kitabu kizima, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwa muda wa kupepesa jicho. Neno hilo halikuwamo. Akaandika asali. Akaandika daraja. Daraja lilikuwamo mara mbili, zote mjini.

Kesho yake nilianza mwanzo kabisa. Kibanda cha miavuli kilikuwa vilevile, na barua za kaka, na treni, na mwanamke mwenye bata ndani ya treni ambaye Chin-lai alimwigiza sauti mpaka nikakosea kukunja unga. Kila kitu vilevile alivyonisimulia. Kisha maumivu ya tumbo, nyumba ya wageni, daktari aliyeitwa akachelewa. Supu ya samaki haikuwamo. Hapo ndipo palipokuwa sitini na moja.

Pei-chi alikuwa amekileta kibao cha baba yake kutoka kabatini. Alikandamiza jalada lenye mwavuli kwa muda, maelezo yakatokea, akanisomea: kilifunguliwa mara ya mwisho mwezi wa tatu.

Chin-lai alikufa mwezi wa kumi.

Mwezi wa tatu mimi nilikuwa hospitali. Walinitoa uvimbe tumboni, tukangoja majibu wiki nyingi, na majibu yakaja mazuri. Chin-lai alifunga duka siku zile. Kila mchana alikuja na chupa ya supu ya samaki na tangawizi, kama wanavyopewa watu wenye mshono, akakaa kwenye kiti cha plastiki na kunisimulia A-Kim anavyoendelea.

"Angalia hivi," Pei-chi akasema. Akasukuma majalada kwa kidole. Kulikuwa na kitabu cha ufugaji nyuki, asilimia mia. Kulikuwa na kingine cha barabara za zamani za milimani, na kimoja cha mafundo ya kamba. Vyote vimenunuliwa baada ya mwezi wa tatu. Asubuhi zote zile nilipomwona ameinamisha kichwa kwenye kibao na kumwambia awahi kabichi, alikuwa anatafuta cha kuniambia mchana.

Nilimuuliza Pei-chi kama kibao kina mahali ambapo mtu anaweza kuandika mambo yake. Akasema papo. Akaangalia huko, akaangalia na kwenye vitabu vyenyewe kadiri kilivyomruhusu. Hapakuwa na kitu. Hakuwa mtu wa kuandika. Alikuwa anakwenda na hadithi kichwani, siku kwa siku, na inawezekana hata yeye alipoinuka kwenda kuzima jiko hakuwa amejua bado yule ni nani upande wa pili. Labda alikwenda ili apate muda wa kufikiri.

"Alikuwa kaka yake," Pei-chi akasema. "Lazima awe kaka yake."

Nilimwambia huenda. Yeye alitaka liwe jibu, na alikuwa anarudi Taoyuan siku ile.

Kitabu nimekisikiliza mpaka mwisho. Kaka anashinda kesi, anarudi mjini, anakikuta kibanda cha miavuli kimekuwa duka la saa. Ni mwisho mzuri, watu waliokisoma wamekisifia sana huko dukani, Pei-chi alinisomea. Mimi sikupata tabu nacho. Nilikisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za jamaa wa jirani.

Nilijaribu pia kumvusha A-Kim mwenyewe, mchana, mikono ikiwa kwenye unga. Namfikisha darajani, namwona mfuga nyuki amevua kofia. Upande wa pili kuna mtu. Nikimpa sura, inakuwa sura ninayoijua, na kazi inasimama.

Tangu mwezi wa pili nanunua vibumba vilivyofungwa kwa mashine kutoka kiwanda cha Huwei. Vinaletwa asubuhi vikiwa vimegandishwa, katika mifuko. Wateja wanasema ngozi yake ni nene kidogo, na ni kweli.